Unauza Vitamini Zote, Nyumbani Unabaki na Nini?



Leo siandiki kuhusu bei ya viazi wala mbolea ya kukuzia. Mwaka jana kijana mmoja wa kata yangu alinipigia simu saa mbili usiku. Nilipoona jina lake nikajua ni ukungu umeingia shambani, maana mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Haikuwa ukungu.

"Bwana shamba, leo tumetoka kliniki. Wamempima mtoto urefu, wanasema ana udumavu. Sasa nashindwa kuelewa. Mimi huyu huyu ninayepakia Fuso mbili za viazi?"

Nilikosa jibu la haraka. Kijana huyo ni mmoja wa wale ninaowatolea mfano kwenye mafunzo. Ana ekari tatu za viazi mviringo, ana miparachichi, kabichi na karoti ziko bondeni, nguruwe sita, pikipiki, na nyumba ya bati imeshapauliwa. Kilichoninyima usingizi usiku ule ni kwamba kalenda ya shamba lile niliiandika mimi, kwa mkono wangu, kwenye daftari lake. Kila tuta lilikuwa na tarehe ya kupanda, tarehe ya kuvuna na namba ya simu ya mnunuzi. Hakukuwa na tuta hata moja lililoandikwa "nyumbani".

Chuoni nilisoma lishe ya mimea na lishe ya mifugo. Lishe ya binadamu tuliipitia haraka haraka, nami nikatoka pale nikiamini hiyo ni kazi ya nesi. Makala hii ni ya kurekebisha kosa hilo.

Mikoa ya chakula, watoto wafupi

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Tanzania nzima, watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wana udumavu, yaani kimo chao hakilingani na umri wao. Sasa angalia mikoa iliyoongoza: Iringa karibu asilimia 57, Njombe asilimia 50, Rukwa karibu hapo hapo na Njombe. Hii ni mikoa ya mahindi, viazi, maharage, mboga na matunda. Malori yanatoka kwetu usiku kucha kwenda Dar es Salaam na Dodoma. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba tatizo letu ni kukosa chakula.

Wewe mkulima wa parachichi utalielewa jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote. Mti unaweza kupewa maji na samadi ya kutosha, ukawa mkubwa wa kupendeza, lakini ukikosa boroni matunda yanatoka yamejikunja, na ukikosa zinki majani yanadumaa na matunda yanakuwa madogo ya mviringo. Boroni inayohitajika ni kidogo mno, gramu chache tu. Lakini kikikosekana hicho kidogo, mnunuzi anakataa mzigo. Vitamini na madini kwa mtu ni hivyo hivyo. Ugali na viazi vinatia nguvu na kujaza tumbo, ila vile vidogo vikikosekana mwili haujengeki sawasawa. Wataalamu wanaiita njaa iliyojificha, kwa sababu mwenye njaa hiyo ameshiba.

Kijana wangu alikuwa ananunua busta ya majani yenye zinki na boroni kila msimu. Ya miti.

Nilichokikuta mezani

Kesho yake nilikwenda, tena nikawaambia wazi kwamba nimekuja kula, sikuja kukagua. Asubuhi ilikuwa chai ya rangi na viazi vya kuchemsha. Mchana ugali wa sembe na kabichi. Usiku ugali tena, na maharage. Mtoto, ambaye alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba, alipewa uji asubuhi, halafu mchana akamegewa ugali uliochovywa kwenye mchuzi wa kabichi. Uji wenyewe waliuita uji wa lishe: mahindi, ulezi, mtama, ngano na mchele. Mama yake alinieleza kwa fahari jinsi alivyouchanganya, nami niliona vibaya kumkatisha, lakini mjue kwamba nafaka tano zikichanganywa bado ni kundi moja la chakula. Ni sawa na kupiga urea ya viwanda vitano tofauti ukasema umeweka mbolea zote.

Nje ya nyumba kulikuwa na karoti kwenye viroba zikisubiri gari. Chini ya miparachichi yalikuwa yameanguka matunda, mengine yamekusanywa pembeni kwa sababu mnunuzi aliyakataa, mengine madogo, mengine yana makovu. Trei mbili za mayai zilikuwa zimefungwa kamba kwenye pikipiki tayari kwenda mjini. Na nguruwe walikuwa wanakula pumba za mahindi yale yale yaliyotoa sembe, pamoja na majani ya karoti na mabaki ya mboga.

Nilimwambia kwa utani kwamba mle ndani ya uzio nguruwe ndio wenye mlo kamili. Alicheka kidogo tu.

Vitamini A na yale makataa ya parachichi

Nianze na hii kwa sababu ndiyo tunayoiuza kwa wingi bila kujua. Vitamini A inalinda macho na inaupa mwili nguvu ya kupambana na maradhi. Mtoto anayeikosa huugua mara kwa mara, na upungufu ukizidi anashindwa kuona vizuri jioni giza linapoingia. Ndiyo maana serikali inatoa matone ya vitamini A kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 mara mbili kwa mwaka, mwezi wa sita na wa kumi na mbili. Mpeleke mtoto, usikose. Lakini matone hayo ni ya kujazia tu, hayachukui nafasi ya sahani.

Kwenye chakula, vitamini hii iko kwenye maini, kiini cha yai na maziwa. Kwenye mimea, fuata rangi: karoti, boga la njano, papai, embe lililoiva, na mboga za majani ya kijani kilichokolea kama mchicha, sukuma wiki, matembele na majani ya maboga. Kabichi nyeupe tunayoipenda huku ina vitamini C, siikatai, ila kwa vitamini A ni maskini. Ukila kabichi siku saba usijihesabie kwamba umekula mboga za kila aina. Kwa wale mlio ukanda wa joto, limeni viazi lishe, vile vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Aina kama Kabode na Mataya zinajulikana nchini. Gramu 125 tu za viazi hivyo, yaani kiazi kimoja kidogo, zinaweza kutosheleza mahitaji ya vitamini A ya siku nzima ya mtoto mdogo. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa watafiti wanne, na watatu kati yao walipewa kwa ajili ya kazi ya kiazi hicho hicho. Huku kwetu kwenye baridi na sakitu kiazi kitamu kinasuasua, basi karoti na maboga vinatutosha.

Sasa kuna siri moja. Vitamini A huyeyuka kwenye mafuta. Karoti ya kuchemsha bila tone la mafuta, mwili unanyonya kidogo na nyingine inapita tu. Na nyumba nyingi za huku hupika mboga kwa chumvi na nyanya tu, mafuta ni ya wageni. Hapa ndipo yale parachichi yaliyokataliwa yanapopata kazi. Kovu la upepo liko kwenye ganda, ndani hakuna kilichoharibika. Parachichi lina mafuta mazuri, na ukilila pamoja na karoti au mboga za majani, mafuta yale yanausaidia mwili kunyonya vitamini A iliyomo. Nusu parachichi lililopondwa ukachanganya na karoti iliyoiva vizuri, ni chakula cha mtoto wa kuanzia miezi sita ambacho mtu wa mjini anakitafuta kwa hela nyingi. Wewe kinaozea chini ya mti. Nisamehe, hapa huwa napandwa na hasira kidogo.

Sembe, dona na chai

Mashine inapokoboa mahindi huondoa ganda na kiini. Kwenye kiini ndiko kuna mafuta, sehemu kubwa ya vitamini za kundi B na madini. Kinachobaki ni wanga mweupe wa kupendeza. Kwa hiyo dona ni bora, ila kwa sharti: mahindi yawe makavu na safi. Sumukuvu haionekani kwa macho wala haiishi kwa kupika, na mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sababu yake. Kama huna kipimo cha unyevu, chukua chupa kavu, weka mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi hayajakauka, rudisha juani juu ya turubai. Usiyasage wala usiyafunge kwenye mifuko.

Chai nayo. Mkoa wetu unalima chai, siwezi kuisema vibaya sana. Lakini chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga yasinyonywe. Chuma ndicho kinachotengeneza damu, na anayekihitaji zaidi ni mwanamke, hasa mjamzito, na mtoto mdogo. Sogeza chai saa moja mbali na chakula, basi. Badala yake weka kitu chenye vitamini C kwenye sahani: kachumbari ya nyanya, limao juu ya maharage, chungwa, pera, au matunda damu ambayo huku yanaota uani. Vitamini C inafungua mlango wa chuma kuingia mwilini. Maharage na kachumbari kwenye sahani moja ni mlo mzuri kuliko vidonge vingi ninavyoona vijana wakinunua minadani.

Na hivyo vidonge, nitasema mara moja tu. Mama mjamzito anayepewa vidonge vya madini ya chuma na foliki kliniki avimeze bila kukosa, tena awahi kliniki mapema, kwa sababu foliki inafanya kazi kubwa wiki za mwanzo kabisa za mimba. Lakini vidonge vya vitamini vya kujinunulia bila kupimwa, hapana. Vitamini A ikizidi haitoki na mkojo, inajikusanya kwenye ini, na kwa mjamzito inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Ya kwenye karoti haina shida hiyo.

Jikoni kunakopotea nusu ya mavuno

Tunajua hasara baada ya mavuno kwenye ghala. Iko pia kwenye sufuria. Vitamini C na nyingi za kundi B zinayeyuka kwenye maji na kuharibiwa na moto mwingi. Mtu anakata mchicha mdogo mdogo, anauosha baada ya kuukata, anauchemsha nusu saa, anamwaga maji, kisha anauunga. Kilichobaki ni rangi na makapi. Osha kwanza ndipo ukate, vipande viwe vikubwa kidogo, maji yawe machache, funika, dakika chache zinatosha. Magadi ya kulainishia yanaua vitamini, yaache. Viazi vichemshe na maganda yake. Kisamvu peke yake hakina haraka: kitwangwe na kuchemshwa vizuri, kwa sababu kibichi kina sumu. Ukikausha mboga za akiba, kausha kivulini penye upepo. Jua kali linaunguza vitamini A.

Mikono ya mama

Nikiishia kwenye vyakula nitakuwa nimewadanganya. Siku ile nilipouliza mtoto anakula mara ngapi, mama yake alinyamaza, kisha akasema, "Inategemea shamba, baba." Msimu wa kupalilia anatoka alfajiri na kurudi jua likizama. Mtoto anabaki na dada yake wa darasa la tatu na chupa ya uji.

Mtoto wa miezi sita mpaka minane anatakiwa kula mara mbili hadi tatu kwa siku, na kuanzia miezi tisa mara tatu hadi nne, pamoja na kitu kidogo katikati, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Kabla ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Tumbo lake ni dogo, hawezi kula mara moja akahifadhi kama ng'ombe. Sasa hesabu hizi haziwezekani kama mama yake ndiye kibarua wako wa bure kutoka saa kumi na mbili mpaka saa kumi na mbili. Mkulima wa biashara anaweka vibarua kwenye bajeti. Weka na kibarua mmoja wa kumpokea mke wako wiki zile za palizi. Mkeo akiwa mjamzito ndiyo usiulize, kwa sababu siku 1,000 za kwanza zinaanza kuhesabiwa tangu mimba inapotungwa mpaka mtoto atimize miaka miwili, na kimo kilichopotea ndani ya siku hizo ni vigumu sana kukirudisha baadaye.

Kuna na maji machafu na kuharisha, ambako kunakomba chakula chote ulichompa. Chemsha maji, nawa mikono kwa sabuni. Hayo mnayasikia kila siku, siyarudii.

Hesabu ya tuta la nyumbani

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Familia ya watu watano, hata ukiwahesabu wote kama watu wazima, ni kilo mbili kwa siku, kilo 60 kwa mwezi. Hazifiki hata gunia moja la lumbesa mnalolia nalo sokoni kila siku. Kwa mtu anayevuna kwa tani, hicho si chakula cha kumtia umaskini.

Tulichofanya na yule kijana ni kufungua daftari upya. Tulichukua kipande karibu na bomba la uani, tukagawa matuta manne. Moja la mchicha, linalovunwa baada ya wiki tatu au nne, na jingine la mchicha wiki mbili nyuma yake ili usikatike. Huku kwenye baridi huchelewa kidogo. La tatu sukuma wiki, la nne karoti. Maboga yalipandwa pembeni ya lundo la samadi yajitambalie. Kwenye matuta hayo hapigi dawa za viwandani. Kama anachukua mboga kwenye shamba la biashara, anahesabu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa kabla ya kuvuna. (Kuna wakulima wana tuta la nyumbani kwa sababu wanaogopa kula wanachouza. Hilo ni jambo jingine, na mnajijua. Tutalizungumza siku yake.) Mayai tulikubaliana trei moja kati ya mbili ibaki. Alibishana na mimi juu ya trei hiyo kuliko kitu kingine chochote, akanikokotolea faida kwenye simu. Nikamwomba akokotoe na gharama ya busta ya miparachichi. Dagaa wanasagwa, kijiko kinaingia kwenye uji wa mahindi pamoja na karanga safi zilizosagwa. Chumvi ni ile yenye madini joto, na anaifunika.

Imepita miezi kumi na moja. Mtoto haugui ugui kama zamani, anacheza, uzito wake kwenye kadi umepanda. Kimo bado kiko nyuma ya wenzake, na nesi aliwaambia ukweli kwamba huenda kisifikie. Mke wake ana mimba ya miezi mitano sasa. Mwezi uliopita nilipita kuangalia viazi, nikaomba daftari. Mstari wa kwanza kabisa, juu ya viazi na juu ya parachichi, ameandika kwa kalamu nyekundu: "Nyumbani, matuta 4", na mbele yake, pale tunapoweka namba ya mnunuzi, ameweka jina la mkewe.